Maji Moto ya Kwao Mama Ken

Jumamosi iliyopita tulimuaga Nyambura. Baada ya miaka yote hii ameuza nyumba yake ya Bowie na anarudi Nyahururu, na kwa kuwa ni mtu wa watu, sebule yake ya chini ilijaa mpaka wengine wakala wamekaa kwenye ngazi. Sisi Watanzania tulileta pilau, Wakenya wakaleta mukimo na nyama choma, na Wakongo wa kanisani kwake wakaja na sambusa na pondu ya kutosha kijiji. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyoweza kuvumilia. Halafu yakaanza yale maswali. Kila aliyeshika soda alinigeukia: na wewe Sekela, unarudi lini? Nimeishi huku Marekani zaidi ya nusu ya umri wangu na swali hilo bado linaniwasha kama upupu. Nilisingizia kwenda kuosha vyombo, mabinti wakanifukuza jikoni kwa "Auntie, please, go sit down", nikaishia gereji katikati ya maboksi yaliyoandikwa majina ya vyumba.

Nyambura akanifuata huko huko. Ana miguu inayouma siku hizi, lakini hakuna mtu anayeweza kujificha mbele yake.

"Wewe, mbona unahide huku na watu wanakuulizia?" akasema, akaketi juu ya boksi la sahani zake mwenyewe. "Nimekukumbuka jana nikipack. Ile winter ulienda Japan na yule shosho wako wa Germantown. Uliporudi ulikaa kwa nyumba ukinyamaza tu, mimi nikadhani umepata bwana huko. Na mpaka leo hujawahi kunishow nini ilihappen."

Nilimwambia nitamweleza. Tukaitwa kukata keki, nikapiga makofi kama wengine, kisha nikaendesha gari hadi nyumbani bila kuwasha redio. Naandika kwa sababu kwa mdomo ningeanza kubishana naye, na mtu anayefunga mizigo si wa kubishana naye.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikikaa na Nyambura katika chumba kimoja na nusu kule Columbia Heights, kabla maduka makubwa hayajajengwa karibu na kituo cha treni. Hiyo nusu ilikuwa kijiukumbi chenye dirisha lililotazama ukuta wa matofali, na ndimo nilimolala. Upande wa pili wa ukuta aliishi mama mmoja wa Kisalvador aliyekaanga ndizi tangu alfajiri, nami harufu ile ilinitia simanzi, maana kwetu Rungwe ndizi ni chakula cha kila siku, ila hatuzipiki hivyo. Unga wa ugali tuliununua kwenye duka la Wasalvador pale mtaani. Ulikuwa na harufu ya chokaa, na Nyambura aliulaani kila Jumapili na kuumaliza wote. Kutoka kitandani nilimsikia akiongea na kwao kwa simu, akiwadanganya kwamba tunaishi mahali pazuri na kwamba mwenzake, yaani mimi, ni mwalimu.

Sikuwa mwalimu wa kitu chochote. Nilijiandikisha chuo kusoma uuguzi, nikaacha. Nikajiandikisha tena kusoma uhasibu, nikaacha kabla ya mtihani wa kwanza. Nilihamisha kitanda kutoka pembe hii hadi ile kana kwamba usingizi ulikuwa umejificha upande wa pili. Nilikuwa na kadi ya ukaazi niliyoipata kwa bahati nasibu ya serikali, kitu ambacho wengine pale mtaani walikuwa wakikifungia na kukiombea, nami nilikiona pingu. Chini ya kitanda niliweka sanduku kubwa la safari, wazi muda wote, na kila nilipopata nafasi nilitupia humo sweta ya mama, viatu vya mjomba, kanga mpya za kugawa kwa shangazi zangu. Nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu kwamba mwisho wa mwaka narudi moja kwa moja. Nyambura alinicheka na kusema mtu anayeondoka kweli hatangazi. Nilimchukia kwa hilo kwa siku kadhaa, tukiwa tunakula sahani moja.

Kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mmoja mzee wa Kijapani huko Germantown, treni mbili na basi kutoka kwetu. Aliishi na mwanawe wa pekee, Ken, mwanamume wa makamo aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali na kurudi jioni amechoshwa na foleni. Mama huyo aliitwa Fumiko, lakini mimi nisingeweza kumwita kwa jina mtu wa umri wa bibi yangu. Nilimwita Mama Ken tangu siku ya kwanza, naye akalipokea jina hilo kama aliyekuwa akilingojea. Tuliongea Kiingereza, chake cha miaka arobaini ya Maryland na changu cha shule ya sekondari, na pale tulipokwama tulitumia vidole. Akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. Ni miguu iliyokuwa imemwangusha, na mgongo.

Kilichonisumbua ni kumwogesha. Nilikokulia mimi, uchi wa mama hautazamwi. Mama akikuvulia nguo amekulaani, na laana hiyo haina mganga. Ofisi iliyonipa kazi ilitufundisha kuogesha wazee kwa kutumia mdoli wa plastiki, na mdoli halaani mtu. Kwa hiyo nilijitungia utaratibu wangu: nilimfunika Mama Ken kanga kuanzia mabegani, nikapitisha mkono wenye sabuni kwa chini, macho yangu yakihesabu vigae vya ukutani. Mama Ken alicheka hadi akakohoa. Alisema kwao wanawake wa mtaa mzima huoga pamoja, bibi na wajukuu bwawa moja, na hajawahi kumsikia mtu aliyekufa kwa kuona mgongo wa mwenzake. Nilimjibu kwamba kila nchi na mambo yake, nikaendelea kuogesha hema.

Ni katika hema lile alipoanza kunisimulia kwao. Kilikuwa kijiji cha milimani, theluji yake inafikia madirisha, na kila majira ya baridi kinajaa watu wanaokuja kuteleza kwenye miteremko kwa mbao za skii. Chini ya theluji hiyo, ardhi inatoa maji ya moto. Kila mtaa una nyumba yake ya kuogea, isiyo na mlinzi wala kiingilio, na kaya za mtaa hupokezana kuisugua. Yeye alilisugua bwawa la mtaa wao tangu akiwa mdogo, na alipokua alikuwa hodari wa skii hata akafundisha wageni. Mmoja wa wageni hao, Mmarekani, Mama Ken alimfundisha kuanguka bila kuumia, au ndivyo yule bwana alivyodai, kwa sababu alianguka kila mara alipokuwa na mwalimu huyu. Bwana huyo akamwoa, akamleta Maryland. Sasa bwana alikuwa amefariki na Mama Ken alitaka kurudi.

Ken aliniita jikoni jioni moja, akasimama ameegemea friji kama mtu anayeizuia isianguke.

"Binamu yake huko ana nyumba ya wageni, na amesema aje," aliniambia. "Mama anataka kubaki moja kwa moja. Nikienda naye mimi hataniambia ukweli, atasema lolote la kunifurahisha. Nenda naye wewe. Akiwa na amani, abaki. Akiwa hana, nirudishie mama yangu. Lakini uniambie unachokiona, sio anachokisema."

Nilikubali haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Nilitaka abaki. Sikumfikiria Ken hata kidogo, nilijifikiria mimi. Kama mwanamke aliyeondoka kwao miaka arobaini anaweza kurudi na kupokewa, basi mimi niliyeondoka juzi nilikuwa na hofu ya nini? Nilimfanya Mama Ken kuwa kipimo changu na sikumwambia. Leo nikiwaona vijana wanaokuja kanisani wakiwa na ile haraka ya kuondoka machoni, ninajua na wao wana mzee fulani wanayemtazama kwa jicho hilo.

Tuliondoka uwanja wa ndege wa Dulles mwezi wa pili, yeye kwenye kiti cha magurudumu akiwa amepaka midomo rangi, mimi nikiwa nimevaa makoti mawili. Baada ya ndege kulikuwa na treni iliyokwenda kasi mpaka milima ikawa mstari, na baada ya treni kulikuwa na basi lililopanda taratibu. Lilitushusha kwenye barabara nyembamba inayofuka. Mvuke ulitoka kwenye mifereji, kwenye mifuniko ya mashimo, kwenye mapaa ya vibanda, na hewa ilinuka yai viza. Theluji ilikuwa imerundikwa pembeni kuzidi kimo changu. Vijana, Wazungu kwa Wajapani, walipita na mbao zao begani wakitembea kwa shida ndani ya viatu vigumu, na juu yetu upande mzima wa mlima ulikuwa umejaa watu wadogo wadogo wakiteremka. Mama Ken aligeuza kichwa huku na huku. Alinionyesha duka la kukodisha vifaa vya skii, akaniambia hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya baba yake. Hakulia. Alisema tu kwamba mlango wameuhamisha.

Maji moto mimi sikuyashangaa, kwetu Mbeya yapo, na vijana hupenda kuchemshia mayai. Nilichoshangaa ni kukuta na hawa wanachemsha mayai. Kulikuwa na kisima kikubwa kinachotokota katikati ya kijiji, na wanawake walikuja na vikapu vya mayai na mafungu ya mboga wakiyatumbukiza, huku watalii wakizuiwa kwa kamba wasisogee. Nilisimama nje ya kamba na watalii, nikiwa na hamu ya kumwambia mtu kwamba hili ninalijua.

Binamu yake, Sachi, alikuwa mdogo kwake sana, mwanamke mwembamba asiyevua aproni, na Kiingereza alikuwa amejifunza kwa wageni wa skii. Alitupa chumba kizuri kuliko vyote, chenye mikeka ya nyasi na meza fupi iliyofunikwa blanketi, moto mdogo wa umeme ukiwa chini yake. Tulikaa na miguu yetu ndani ya blanketi hilo tukila wali, supu, samaki, na majani yaliyochachushwa kwa chumvi ambayo ladha yake ilinikumbusha majani ya figili. Niliyala kwa fujo. Kila mlo Sachi aliutazama uso wa Mama Ken kisha akaongeza kitu mezani. Majirani walikuja kumsalimu, wakapiga magoti mlangoni, wakainama, wakaacha keki ndogo zilizofungwa kwa karatasi nzuri. Sikuelewa neno hata moja, lakini sauti yao niliielewa, ilikuwa sauti ile ile ya mama yangu siku askofu alipopita kwetu. Nikajiambia, anapendwa, atabaki. Ken alipopiga simu kuuliza kama ana amani nilimwambia anakula vizuri.

Bwawani, hata hivyo, hakwenda. Lilikuwa jirani kabisa, kibanda cha mbao chenye paa refu, tulikiona kutoka dirishani. Mara alisema njia inateleza, mara mgongo, mara tumsubiri Sachi apate nafasi. Nami sikumhimiza, kwa sababu kila alipoahirisha mimi nilipona kuvua nguo. Nilitembea kijiji kizima kupanda na kushuka mpaka wauza duka wakaanza kunipungia mkono. Nilirudi, nikakaa, nikasimama. Mama Ken aliniuliza kama kuna mtu ananifukuza. Kisha alasiri moja, bila kutanguliza neno, akasema twende, kwa sababu asipooga na wenzake bado hajafika. Nikamuuliza tunavaa nini. Akasema nguo za kuogelea haziruhusiwi. Nikashusha pumzi, maana kanga si nguo ya kuogelea, kanga ni heshima. Nilichukua mbili mpya kutoka sandukuni, nilizokuwa nimezinunua kwa ajili ya zawadi na sikuwa nimezifua hata mara moja.

Ndani kulikuwa na rafu ya nguo na bwawa la mraba, basi, na mvuke mzito. Wanawake sita au saba, wengi wao wazee, walikuwa wamechuchumaa pembeni wakijimwagia maji kwa ndoo ndogo za mbao. Mmoja akatamka, Fumi, na wote wakageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina hilo likitamkwa na mtu aliyelijua likiwa la msichana. Mama Ken alikuwa ameshaanza kujivua, upesi, kwa vidole ambavyo kule Germantown havikuweza kufungua kifungo. Nikamrushia kanga kabla ya lolote lingine. Nikajifunga na yangu, nikamwogesha ndani ya hema kama kawaida, macho yangu ukutani, na mazungumzo ya wale wanawake yakakatika. Niliona wanatazama, nikadhani wanatazama rangi yangu. Nilipomaliza nikamkumbatia kwapani, tukateremka ngazi za bwawa sote wawili tukiwa tumefungwa kanga zetu.

Yale maji yalikuwa ya moto kiasi kwamba kwa muda nilisahau kila kitu. Nilipofumbua macho, maji yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Kanga mpya huchuja rangi, kila mwanamke kwetu anajua, ndiyo maana tunaziloweka peke yake kwenye beseni. Wekundu ulitoka kwa Mama Ken, zambarau ikatoka kwangu, zikakutana katikati na kusambaa. Bibi mmoja mwenye nywele fupi alishika mdomo akidhani ni damu. Kisha akaona ni kitambaa.

Bibi huyo ndiye aliyekuwa na zamu ya kusugua bwawa wiki ile. Alinijia ndani ya maji, akanivua kanga kama unavyomvua mtoto aliyejikojolea, akaikamua nje na kuitupa pembeni, na muda wote huo alikuwa ananifokea. Alinifokea kwa kituo, hoja kwa hoja. Nilisimama uchi mbele ya wanawake wa umri wa bibi yangu, wote wakiwa uchi, nikingoja laana inishukie, na kilichonishukia ni brashi. Alinikabidhi mkononi. Kizibo kikavutwa, maji yakaondoka, na mimi nikapiga magoti kwenye sakafu ya bwawa nikaanza kusugua pamoja nao. Pale nilipoacha rangi alipagonga kwa mpini wa brashi yake na kunifokea upya, nami nikarudia. Mgongo uliniuma. Nakumbuka pia kwamba, kwa mara ya kwanza mwaka ule, sikuwa nikitamani kuwa mahali pengine.

Mama Ken alikuwa amekalishwa kwenye kigoda, amefunikwa taulo kavu ya mtu. Aliomba brashi. Wakakataa kwa kuinama na kucheka kwa upole, akaomba tena, wakatazamana, na mwishowe wakampa moja ndogo, mpya. Aliinama akasugua ukingo uliokuwa karibu na miguu yake, kwa mzunguko ule wa mkono usiosahaulika. Wanawake waliacha kazi zao wakamtazama. Walipiga makofi madogo, wakasema maneno matamu, mmoja akamwekea kitambaa chini ya goti, na alipochoka wakamshukuru kwa kuinama wote pamoja. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikajisemea, jembe amepewa, basi yamekwisha, anabaki.

Tuliporudi chumbani tukaingiza miguu chini ya blanketi na Sachi akatuletea chai. Alipotoka nilimweleza Mama Ken methali yetu, kwa furaha, nikimchorea jembe kwa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua yule bibi alikuwa anakuambia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nilijua ni matusi.

"Alisema, msichana mkubwa namna hii, nani alikulea, hata kona huwezi kusugua. Mama yake aliniambia mimi maneno hayo hayo, bwawa lile lile. Leo nilikuwa nangoja aniambie na yeye. Nimesugua vibaya, Sekela. Mikono haina nguvu, nimeacha utelezi kila mahali, na nimeuona kwa macho yangu. Yeye ameniambia nina mikono mizuri." Akaizungusha chai kikombeni. "Wewe umefokewa, mimi nimesifiwa. Mwenye nyumba hasifiwi kwa kufagia."

Nilibishana naye. Nilimwambia wamemheshimu kwa umri wake, kwamba na mimi nisingeweza kumfokea bibi, kwamba wanampenda, kila mtu anaona.

"Wananipenda sana," akasema. "Wataendelea kunipenda hivyo hivyo kila siku, na Sachi ataendelea kuongeza samaki, mpaka wachoke na waone aibu kuchoka. Mwambie Ken tunarudi."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia kama mtu aliyeibiwa, na sikuwa na haki yoyote, kwa kuwa sikuwa nimemwambia nilichoweka rehani juu yake. Nilitoka nikapanda hadi chini ya miteremko ya skii, nikasimama kwenye baridi nikitazama watu wakipanda kwa viti vya kamba na kuteremka, wakipanda na kuteremka, na niliwaona wapumbavu wote. Ken alipopiga simu nilimwambia nilichokiona, kama alivyoniagiza: wanamsifu. Akauliza, kwani hilo si jambo zuri? Nikamwambia amuulize mama yake.

Siku zilizobaki tulikwenda bwawani kila alasiri bila kanga. Mama Ken alioga kwa raha zote, kwa kuwa mgeni ana raha yake pia, na wenzake walimsimulia habari za waliokufa na waliooana mpaka ngozi za vidole zikajikunja. Mimi nilimsugua mgongo nikiutazama. Ulikuwa mgongo mdogo, wenye kovu la zamani begani, na nilikuwa nimeuosha miezi yote ile bila kulijua kovu hilo. Yule bibi wa nywele fupi aliendelea kunikosoa: nilikaa vibaya, nilimwaga maji vibaya, ndoo sikuirudisha mahali pake. Siku ya kuondoka hakuniaga kwa kuinama. Aliniwekea yai la moto mfukoni na kunisukuma mgongoni nipande basi.

Germantown, Ken alimkumbatia mama yake mlangoni kwa muda mrefu. Mizigo ilikuwa bado kwenye korido Ken alipoanza kulalamika. Alimuuliza ni vitu gani alivyoviacha kwenye makopo ndani ya friji, maana vimevuja, nyumba nzima imenuka, na amelazimika kutoa rafu zote na kuziosha. Mama Ken akamjibu kwamba mtu mzima anayeishi nyumba moja na friji anapaswa kujua kuifungua. Wakaingia jikoni wakigombana, mama akijikokota kwa kushika ukuta, na nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa, na sauti zao zikipanda, na kitambaa cha jikoni kikitua mgongoni kwa mtu. Nilibaki koridoni na koti langu. Katika sauti ya yule mama kulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia huko kijijini kwao.

Kwa hiyo, Nyambura, nilipokuwa nimekaa kimya pale Columbia Heights sikuwa na bwana. Nilikuwa na hasira na mama mzee ambaye hakunikosea kitu, na nilikuwa nimeamua kumthibitishia kwamba amekosea. Yeye alikaa miaka arobaini, nilijiambia, mimi ni miwili tu, kwetu bado ni kwetu. Nilinunua kadi ya simu kwa yule Msalvador wa duka la unga, nikakaa kitandani, nikampigia mama ili tupange siku ya kufika.

Alifurahi mno. Aliniambia chumba changu wamekipaka rangi na wameninunulia godoro, kwamba watachinja mbuzi, kwamba mchungaji ameshaambiwa na wanakwaya wanafanya mazoezi ya wimbo. Aliuliza siku hizi ninakula nini, wasije wakanipikia kitu kikanidhuru. Nilimsikiliza huku nikijihisi ninapoa kuanzia miguuni. Nikamkatiza. Nikamwambia, mama, nikifika nataka niende shambani na wewe, tuchume chai kama zamani, nibebe kikapu changu mwenyewe.

Mama akacheka kwa upole kabisa.

"Chai? Na mikono hiyo ya Marekani? Hapana, mwanangu. Wachumaji wapo. Wewe njoo tu upumzike."

Nililia mpaka kadi ya simu ikaisha, na mama yangu, Mungu amrehemu, alidhani ni furaha.